Aliyeandikwa Vibaya Jeshini Aende Wapi?

BARUA YA WAZI

Kwa Baraza la Ulinzi la Jamhuri ya Kenya: Waziri wa Ulinzi, ambaye ndiye mwenyekiti, Mkuu wa Majeshi, makamanda wa Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Anga na Jeshi la Wanamaji, na Katibu wa Wizara.

Nakala: Kamati ya Ulinzi ya Bunge la Taifa, wabunge wote wa Kaunti ya Kilifi.

KUH: KUUNDWA KWA BODI YA KUSAHIHISHA KUMBUKUMBU ZA WANAJESHI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Malindi, kwa niaba yangu na ya jirani zangu wenye waume, watoto na wazee waliolitumikia jeshi hili. Nitasema haja yangu mapema nisiwapotezee wakati. Kenya haina mahali ambapo mtu aliyewahi kuvaa magwanda anaweza kwenda akasema, "Faili langu limeandikwa vibaya, naomba lisahihishwe," akasikizwa na watu ambao si wale wale waliomwandika. Naomba mahali hapo pawepo. Uwezo wa kupaanzisha mnao, kwa kuwa Kifungu cha 241 cha Katiba kimewakabidhi ninyi sera, udhibiti na usimamizi wa majeshi yote matatu.

Njooni Kilifi siku ya kuandikisha makurutu. Uwanja wa Karisa Maitha hujaa kabla jua halijachomoza. Vijana wametoka Ganze, Bamba, Marafa na Kaloleni, na wengine wamelala kwa jamaa zao mjini wasije wakakosa foleni. Wanavua mashati, wanatimuliwa mbio, wanapimwa urefu, wanafunua vinywa meno yaangaliwe. Tangazo la kazi limekwisha sema: urefu usipungue mita 1.60, uzani usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Angalieni hiyo nukta tano tano. Kijana anayepungukiwa na nusu kilo anarudi nyumbani na kibahasha chake cha vyeti, na mama yake hana wa kumlalamikia, maana mizani imesema.

Sina ugomvi na ukali huo. Jeshi ni jeshi. Ninachotaka ni ukali wa namna hiyo hiyo siku ya kutoka.

Mwanajeshi anayeondoka hupewa cheti cha utumishi, na nyuma ya cheti kuna faili. Ndani ya faili kuna sababu ya kuondoka: muda umekwisha, amestaafu, ameugua, amekosa nidhamu, ametoroka, au huduma yake haihitajiki tena. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, kwa sababu halimhukumu mtu wala halimsafishi. Linamwacha akining'inia. Neno lililoandikwa kwenye faili ndilo litakaloamua kama kuna kiinua mgongo na pensheni, na kama kuna matibabu. Hapa kwetu litaamua pia kama kuna kazi, maana askari mstaafu wa Pwani hutegemea ulinzi wa hoteli, wa bandari au wa meli, na wengine huenda kuutafuta Ughaibuni. Meneja wa hoteli ya Watamu anayetafuta mkuu wa walinzi atauliza swali moja kabla ya mengine yote: jeshini uliondokaje?

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu ili wakumbukwe na kutunzwa. Ni sheria ya heri. Lakini heri hiyo itamfikia aliyetambuliwa, na kutambuliwa kunaanzia kwenye faili. Faili likiwa na kosa, kosa hilo litamfuata mtu mpaka kwenye heri yenyewe.

Waheshimiwa, mfano wa karibu na sisi mnao wenyewe. Kati ya 2007 na 2008, makampuni ya ulinzi ya Kimarekani yalipokuwa yakitafuta watu wa kufanya kazi Iraq na Afghanistan, baadhi ya wanamaji wetu waliondoka wakafuata mishahara hiyo. Aprili 2014 mahakama ya kijeshi iliyoketi Mombasa iliwatia hatiani zaidi ya wanamaji 20 kwa kosa la utoro na kuwapa kifungo cha maisha. Utetezi wao ulikuwa kwamba walikuwa wameomba kuacha kazi. Mahakama haikukubali. Walipokata rufani Mahakama Kuu ya Mombasa ilikipunguza mno kifungo kile.

Siandiki kuitengua hukumu hiyo, wala si kazi yangu. Nataka tuitazame karatasi moja tu, barua ya kuomba kuacha kazi. Askari ameiandika kwa mkono wake. Ameipeleka kwa mkubwa wake. Je, imegongwa muhuri wa kupokewa? Yeye amebaki na nakala? Imejibiwa kwa maandishi, au ameambiwa kwa mdomo, "Nenda, tutakuita"? Miaka sita baadaye, karatasi hiyo ndiyo inayomtofautisha mtu aliyeacha kazi na mtoro. Na ikiwa ilipotea ofisini, aliyeipoteza hatajulikana, lakini aliyeiandika anajulikana kwa jina na namba.

Tena sheria yetu inatenganisha utoro na kuwa nje ya kambi bila ruhusa. Kinachotenganisha ni nia: huyu alikusudia kutorudi, yule alichelewa au alizuiwa. Nia haionekani kwenye daftari la mahudhurio. Inataka kuulizwa, na inataka mtu wa kuuliza asiyekuwa na haraka.

Fikirieni Somalia. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wako kule. Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilishambuliwa tukapoteza askari wengi, na Januari 2017 ikawa zamu ya Kulbiyow. Mtu aliyeokota maiti za wenzake akaja likizo nyumbani anaweza kufika siku ya kurudi miguu isimbebe. Halali usiku, mlango ukibamizwa anaruka, mkewe anamwogopa. Faili litaandika kwamba hakurudi. Kwa nini hakurudi, faili haliandiki. Kiwewe ni jeraha kama la risasi, ila halitoki damu. Aliyejeruhiwa mguu kwa risasi hutolewa kwa ugonjwa na kupewa haki zake. Aliyejeruhiwa akili asifukuzwe kwa utovu wa nidhamu kisha akakosa hata pa kueleza.

La 1982 mnalijua kuliko mimi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, Jeshi la Anga lilivunjwa likaundwa upya. Walioongoza uasi walihukumiwa, na Hezekiah Ochuka akanyongwa 1987. Lakini wengi waliokamatwa waliachiliwa bila kushtakiwa kwa lolote, na kazini hawakurudi. Kamanda wao, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne na mahakama ya kijeshi mwaka 1983 kwa kosa la kushindwa kuuzuia uasi. Alikuja kwenda kortini kudai haki zake zilizovunjwa, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikampa fidia ya shilingi milioni 15. Kutoka 1983 hadi 2014 ni miaka 31. Huyo ni meja jenerali, mwenye elimu, mwenye kujulikana, mwenye kuweza kupata wakili. Koplo aliyerudi kulima mahindi Kakuyuni angefika lini?

Hata walioshinda kesi za namna hiyo walilipwa fidia ya mateso na ya kufungiwa bila hatia. Fidia ni jambo moja, kumbukumbu ni jingine. Pesa zinaweza kulipwa na Hazina huku faili likibaki kabatini na neno lake lile lile.

Mtasema njia zipo. Aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi anaweza kukata rufani Mahakama Kuu, kweli. Ila aliyeachishwa kwa kalamu tu, bila kesi, abaki na nini? Atawalalamikia wakubwa wale wale, au atafungua kesi ya kikatiba inayotaka wakili, nauli na miaka. Mtasema pia kuna msamaha wa Rais chini ya Kifungu cha 133. Msamaha ni wa aliyekosa. Asiyekosa akisamehewa amethibitishiwa kosa.

Waingereza walituonyesha mpaka wa msamaha. Kwa sheria yao ya majeshi ya 2006 waliwasamehe askari 306 waliopigwa risasi na wenzao katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwa utoro, woga na makosa mengine ya namna hiyo. Familia zililia kwa furaha, na haki yao kulia. Lakini sheria ile ile ilisema msamaha haugusi hatia wala hukumu. Kwenye kumbukumbu wale watu wangali wenye hatia. Sisi tunaomba zaidi ya hapo: palipo na uongo uondolewe, palipo na kweli paachwe.

Na haki hiyo tunayo tayari. Kifungu cha 35(2) cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli, au inayopotosha, ikiwa inamwathiri. Kifungu cha 47 kinampa haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi za umma, na kupewa sababu kwa maandishi anapoathiriwa na uamuzi wao. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu maombi ndani ya siku 21, nayo inataja wazi kusahihishwa kwa habari za mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema hivyo hivyo.

Kuna watakaodai kwamba wanajeshi wametengwa na haki hizi. Wasome Kifungu cha 24(5). Kinaruhusu sheria iwapunguzie wanajeshi haki fulani, na kinazitaja moja moja: faragha ya Kifungu cha 31, kujiunga na vyama cha 36, kukusanyika na kuandamana cha 37, mahusiano ya kazi cha 41, haki za kiuchumi na kijamii cha 43, na haki za waliokamatwa cha 49. Cha 35 hakimo. Cha 47 hakimo. Walioiandika Katiba walijua kuhesabu, nao hawakuvisahau. Haki ipo, kinachokosekana ni dirisha la kwenda kuidai.

Pingamizi la pili litakuwa siri za nchi. Hakuna anayeomba ramani za kambi wala mipango ya vita. Mtu anaomba ukurasa unaomhusu yeye: tarehe aliyoingia, tarehe aliyotoka, sababu iliyoandikwa, na jina la aliyeiandika. Palipo na jambo la siri pafunikwe, na wajumbe wa bodi wale kiapo. Pingamizi la tatu litakuwa nidhamu, kwamba kila mtoro atakuja kulia. Aje. Bodi itamsikiza, itatazama ushahidi, na kama alitoroka kweli itamwambia hivyo kwa maandishi. Faili lililopimwa likathibitika lina uzito kuliko faili lisiloweza kuulizwa. Jeshi lenye kumbukumbu za kweli halina la kuogopa hapo.

Wenzetu wamefanya. Marekani ilianza kuwa na bodi za kupitia upya sababu za kuachishwa jeshi kwa sheria ya 1944, ile iliyotungwa kwa ajili ya askari waliokuwa wakirudi kutoka Vita vya Pili. Askari wao ana miaka 15 ya kuomba sababu ya kuondoka kwake itazamwe upya. Kuna bodi nyingine ya kusahihisha kumbukumbu yoyote, nayo inaweza hata kuulegeza muda wake wa miaka mitatu ikiona haki inataka hivyo. Mwombaji hujaza fomu, halipi ada, wala halazimiki kuwa na wakili, na aliyefariki huombewa na jamaa zake. Mwaka 2014 waziri wao wa ulinzi wakati huo, Chuck Hagel, aliziagiza bodi hizo zikipe kiwewe cha vita uzito unaostahili. Hazikosi dosari, na hulaumiwa sana kwa kukawia. Lakini mlango upo na anuani yake inajulikana.

Na huko haki haizeeki. Julai 17, 1944, meli za silaha zililipuka katika bandari ya Port Chicago, California, wakafa watu 320, wengi wao wanamaji weusi waliokuwa wakipakia mabomu bila mafunzo ya kutosha. Wenzao waliobaki hai walipoamriwa kurudi kupakia, walikataa mpaka hali ya usalama ibadilishwe. Hamsini kati yao walitiwa hatiani kwa uasi, na mia mbili na zaidi kwa kukaidi amri. Julai 17, 2024, miaka 80 kamili, waziri wa jeshi la wanamaji aliwasafisha wote. Hawakusamehewa, walitangazwa kuwa walihukumiwa isivyo haki. Karibu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa, ila wana wao walikuwepo kuisikia habari hiyo.

Sisi wa Kilifi tuna deni letu la zamani la namna hii, ingawa mdaiwa wake wa kwanza si ninyi. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza, mwanamke shujaa wa Kigiriama, kuwahamasisha watu wasitoe vijana wao, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti, ikawatoza Wagiriama faini ya rupia 100,000 na kuwataka watoe vijana 1,000 wa kazi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa Afrika Mashariki vilibebwa mabegani na wapagazi wa Kiafrika, na magonjwa yaliwaua wengi kuliko risasi. Nendeni Mombasa, barabara ya Jomo Kenyatta, mkaitazame sanamu ya askari wa vita vile. Jina la mpagazi hata mmoja hamtaliona.

Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Kazi ya kuyatafuta majina ikaanza, na hapa Kenya iliongezewa nguvu na mafaili ya kale yaliyokuwa yamenusurika mikononi mwa jeshi letu wenyewe. Maelfu ya majina yamepatikana humo.

Kwa hilo nawapongeza kwa moyo mkunjufu. Mmelifungua kabati la miaka mia moja ili marehemu waandikwe inavyostahili. Basi lifungueni na la walio hai. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ombi langu lina mambo matano.

Kwanza, iundwe bodi ya kusahihisha kumbukumbu za wanajeshi, yenye afisa mstaafu, wakili, daktari wa akili na mwananchi asiye wa jeshi. Asiwemo yeyote aliyehusika na kumwachisha mwombaji. Bodi isikae Nairobi tu. Iketi Mombasa, na angalau mara moja kwa mwaka ifike Kilifi au Malindi. Anayedai haki ya pensheni yake hana nauli ya kwenda kulala Nairobi kila anapoitwa.

Pili, mwombaji aonyeshwe faili lake na apewe nakala ya kinachomhusu ndani ya siku 21 ambazo sheria imekwisha ziweka. Kama karatasi zimepotea, jeshi liseme zimepotea, na upotevu huo usimwangukie yeye.

Tatu, mjane, mtoto au ndugu wa marehemu aweze kuomba. Kesi za 1982 na nyinginezo za kabla ya Katiba ya 2010 zisikataliwe kwa sababu ya umri wake peke yake.

Nne, kiwewe cha vita kichunguzwe na daktari kabla ya mtu kuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Aliyekwisha kuachishwa bila uchunguzi huo awe na haki ya kuufanyiwa sasa.

Tano, uamuzi utolewe kwa maandishi na kwa sababu zake. Ukimpa mtu ushindi, cheti kipya kitolewe, na ofisi ya pensheni ipelekewe taarifa na bodi yenyewe bila mtu kuanza kuzunguka upya na bahasha mkononi. Kila mwaka Bunge lielezwe ni wangapi walioomba, wangapi waliokubaliwa, na kila mmoja alingoja muda gani.

Kwenu wasomaji mnaohusika, msingoje bodi iundwe ndipo muanze. Andikeni barua leo ya kuomba kumbukumbu zenu chini ya sheria ya 2016. Wekeni namba yenu ya jeshi, tarehe za kuingia na kutoka, na mseme wazi ni neno gani mnataka lisahihishwe na kwa ushahidi gani. Ipelekeni kwa mkono igongwe muhuri, au kwa rejista ya posta, na nakala ibaki nyumbani. Msipojibiwa ndani ya siku 21, au mkinyimwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ofisi ya Ombudsman, ambayo sheria imeipa kazi hiyo. Na wenye nafasi waliandikie Bunge, maana Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, hata kutunga sheria.

Waheshimiwa wa Baraza la Ulinzi, kuanzisha bodi hii hakuhitaji silaha wala bajeti ya vita. Kunahitaji kikao chenu kimoja cha kukubaliana, na mswada mmoja kwenda Bungeni. Wabunge wetu wa Kilifi, mswada huo ukichelewa kutoka serikalini, upelekeni ninyi. Kijana wa Ganze mliyempima kilo zake kwa nukta mbili siku ya kuingia anastahili neno la kweli siku ya kutoka. Tunangoja majibu yenu kwa maandishi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Malindi,
Kaunti ya Kilifi